Seli shina za kweli zimo ndani ya mfupa, hazimo kwenye pakiti ya unga wa tufaha (uzi kwa wenye watoto wa siko seli)

Darubini

Wakuu, heshima kwenu. Uzi ni mrefu kidogo, mwenye haraka apite, mwenye mtoto wa siko seli avute kiti.

Wiki mbili zilizopita nilikuwa kwa dada yangu hapa Mwanza. Nikafungua kabati nitafute sukari, nikakuta boksi la zambarau linang'aa kama la manukato. Ndani pakiti thelathini za unga. Kwa nje kimeandikwa Kiingereza kirefu, ila neno lililokolezwa ni moja: stemu seli, yaani seli shina. Dada kanunua kwa laki moja na themanini kutoka kwa mama wa kikoba chao, ambaye naye kauziwa na mtu wa juu yake, na huyo ana wa juu yake tena. Biashara ya ngazi kwa ngazi, mnaijua.

Hela ningeweza kuimeza. Kilichonichoma ni kwamba mpwa wangu, miaka tisa, ana selimundu (ndiyo hiyo siko seli), na dada alishamwachisha haidroksiyurea, kidonge chake cha kila siku, wiki ya tatu sasa. Kaambiwa unga huu "unatengeneza seli mpya", kwa hiyo vidonge vya hospitali vya nini tena?

Mimi ni mtu wa maabara. Nikakaa kwenye kochi la dada nikaanza kueleza, na nilipomaliza shemeji akasema haya uyaandike mahali, maana kikoba kizima kimenunua. Ndiyo naandika.

Nianze na ninachokiona mwenyewe. Kuna kipimo cha kizamani ambacho maabara ndogo bado zinakifanya. Unaweka tone la damu kwenye kioo, unachanganya na dawa ya sodiamu metabaisalfaiti inayomaliza oksijeni, unafunika kwa kioo chembamba, unaziba kingo hewa isiingie (sisi tulikuwa tunaziba kwa rangi ya kucha, msicheke). Unasubiri. Damu ya mtu asiye na tatizo, seli nyekundu zinabaki duara kama maandazi yaliyobonyezwa katikati. Damu ya mpwa wangu zinaanza kujikunja mbele ya macho yako: moja inachongoka, nyingine inapinda, mwisho uwanja mzima umejaa vimundu. Jina selimundu halikutungwa ofisini, ndivyo zinavyoonekana.

Vimundu hivyo vinanasa kwenye mishipa midogo, ndiyo maana mtoto analia usiku kucha mifupa inauma. Tena havidumu. Seli nyekundu ya kawaida inaishi siku 120 hivi, kimundu siku 10 hadi 20. Ndiyo maana damu haimtoshi kamwe.

Sasa seli hizo zinatoka wapi? Kwenye uloto, wengine tunauita uboho. Ule unaougonga mfupa kwenye sahani ili utoke. Humo ndimo zilimo seli shina za damu. Ni chache mno, lakini kazi yake si ya kawaida: ikigawanyika, mmoja anabaki kuwa shina, mwingine anakwenda kuwa seli nyekundu, au nyeupe, au chembe za kugandisha damu. Mwili wa mtu mzima unatoa seli nyekundu kama milioni mbili kila sekunde. Umesoma sentensi hii, zimeshatoka milioni kadhaa.

Watu wa kanda hii nitawaeleza kwa kibuyu. Maziwa mgando hatuyaanzi upya kila siku. Unabakiza kidogo, kile kidogo kinagandisha ya kesho. Seli shina ndiyo kile unachobakiza. Kianzio kikiwa kibovu, utakamua ng'ombe mzuri kiasi gani na maziwa yatatoka vilevile. Mtoto wa selimundu kianzio chake kina kosa la herufi moja kwenye jeni ya himoglobini, ile inayobeba oksijeni ndani ya seli nyekundu. Damu ya kuongezewa hospitali ni kumpa maziwa ya jirani: yanasaidia, yanaisha, kibuyu ni kilekile.

Ukitaka kubadili, unafanya alivyofanya bibi. Unaosha kibuyu kwa maji ya moto, unakifukiza, unaomba kianzio kwa jirani. Upandikizaji wa uloto ni hivyo hivyo. Kemo kali (dawa za kuua seli, kama za saratani) inafuta uloto wa zamani, kisha anawekewa seli shina za ndugu yake. Na hii si ndoto ya kesho. Mwaka 1984 madaktari wa Marekani walichapisha habari ya binti wa miaka 8 aliyekuwa na selimundu na saratani ya damu kwa pamoja. Walimpandikizia uloto kutibu saratani, na selimundu nayo ikaondoka. Kwetu, Hospitali ya Benjamin Mkapa Dodoma ilianza kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu mwaka 2023. Dodoma, wakuu. Basi la asubuhi.

Na wakati huohuo dada yangu analipa laki na themanini kwa unga wa tufaha. Karibuni.

Kinyozi wa Buzuruga

Uzi umekaa kitaalamu. Nimeweka kambi hapa. Ila mkuu umetaja tufaha hujaeleza, tufaha limeingiaje?

Darubini

Soma nyuma ya boksi, maandishi madogo. Seli shina zenyewe ni za tufaha na zabibu. Kuna tufaha la Uswisi linaitwa Uttwiler Spätlauber, linasifika kwa kukaa muda mrefu bila kunyauka, na watu wa vipodozi wakatengeneza krimu ya mikunjo kutokana na seli zake. Kutoka kwenye krimu, wafanyabiashara wakaruka mpaka kwenye unga wa kuramba.

Ni kweli mmea una seli shina. Ukikata kipande cha muhogo ukakichomeka ardhini kinaota kwa sababu hiyo. Lakini seli shina ya tufaha kazi yake ni kutengeneza tufaha. Haiwezi kuwa damu ya mtu. Halafu unaimeza! Tumboni inakuta asidi na vimeng'enya, inasagwa kama chakula kingine chochote. Ingekuwa seli shina zinapita kwa mdomo, waliokula kisamvu maisha yao yote wangekuwa wanaota majani.

Balozi_Afya_Njema

Mleta uzi unatumika na makampuni ya dawa. Mimi nina shuhuda zaidi ya ishirini kwenye simu yangu. Kuna mama Geita mtoto wake alikuwa analazwa kila mwezi, katumia maboksi mawili tu, miezi mitatu hajalazwa. Utabisha na ushuhuda?

Darubini

Balozi, sibishi kwamba mtoto hakulazwa. Nabisha kilichosababisha.

Selimundu haiumi kila siku. Inakuja, inatulia, inarudi. Mpwa wangu amewahi kukaa miezi mitano bila kulia, akala mikate akacheza mpira, halafu likaja baridi la Juni akalazwa mara mbili. Sasa mzazi ananunua dawa lini? Si mtoto akiwa anacheza. Ananunua hali ikiwa mbaya kabisa. Na ikiwa mbaya kabisa, baada yake mara nyingi inatulia yenyewe. Kwa hiyo chochote utakachompa siku ile, hata maji ya bomba, kitapata sifa. Waliotumia maboksi mawili na mtoto akalazwa hawakutumii ushuhuda, wananyamaza kwa aibu ya hela.

Kuhusu kutumika: haidroksiyurea ni kidonge cha zamani, si cha bei ya boksi lako, na kimepimwa Marekani na Ulaya, kikapimwa hapahapa Afrika kwa watoto. Hakitibu kikaisha, ila kinapunguza maumivu, kulazwa na kuongezewa damu. Wewe umemwambia dada yangu aache. Hilo ndilo lililonileta hapa.

Mama Wawili

Kaka Darubini pole na asante. Mimi nina mtoto wa miaka sita, siko seli. Nina maswali, usinichoke. Hiyo ya Dodoma ni upasuaji? Anapasuliwa mfupa? Na huyo ndugu anayetoa anabaki mzima?

Darubini

Shikamoo dada, wala huchoshi.

Mpokeaji hapasuliwi popote. Watu wengi wanadhani mifupa inafunguliwa. Anawekewa mpira kwenye mshipa mkubwa wa damu karibu na shingo, anapewa kemo kwa siku kadhaa, halafu siku yenyewe linaletwa pakiti kama la damu, jekundu, linaning'inizwa, linashuka tone kwa tone. Mgeni akiingia wodini hatajua kama ndiyo tukio lenyewe. Seli shina zinajua njia, zinazunguka na damu mpaka zinaingia kwenye mifupa zinatulia humo. Hakuna anayezielekeza, na mimi mpaka leo jambo hilo linanishangaza kuliko yote.

Mtoaji analazwa usingizi, anachomwa sindano kwenye mfupa wa nyuma ya kiuno, uloto unavutwa kwa bomba la sindano. Akiamka anaumwa kiuno siku chache kama aliyeanguka. Uloto wake unajirudishia wenyewe ndani ya wiki chache. Kuna njia nyingine pia, ya kumchoma dawa zinazosukuma seli shina zitoke mfupani ziingie kwenye damu, kisha mashine inazichuja mkononi.

Kazi ngumu iko baada ya hapo. Kibuyu kimeoshwa, kianzio kipya bado hakijagandisha. Kwa wiki mbili, tatu hivi mtoto hana kinga kabisa. Chumba cha peke yake, mikono inanawiwa mpaka ngozi inachubuka, chakula kinapikwa upya, hakuna mgeni. Kila asubuhi damu inapimwa, mnasubiri seli nyeupe za aina ya nyutrofili zipande zipite 500 kwa kila maikrolita. Mwanzoni sifuri, kesho sifuri, keshokutwa sifuri. Wenzetu wa maabara zinazohudumia wodi hizo wanasema siku namba inapotoka kwenye sifuri, wao ndio wanakimbia na karatasi.

Mama Wawili

Marahaba kaka. Na anayetoa ni yeyote? Baba yake yuko tayari hata leo.

Darubini

Hapo ndipo wengi wanakwama. Lazima alama za kinga zifanane, zinaitwa HLA. Mtoto anachukua nusu kwa baba na nusu kwa mama, kwa hiyo baba analingana naye nusu tu. Ndugu wa baba mmoja mama mmoja ndiye anayeweza kulingana kamili, na uwezekano ni mmoja kati ya wanne kwa kila ndugu. Watoto wa mama mkubwa au wa mke mwenza hawaingii kwenye hesabu hii, tusigombane. Na huyo ndugu mwenyewe asiwe mgonjwa wa selimundu. Akiwa amebeba nusu, yaani AS, anakubalika.

Zipo hospitali nje wanapandikiza kwa mtoaji aliyelingana nusu, wanatumia dawa ya saiklofosfamaidi siku chache baada ya kupandikiza ili kuzima ugomvi. Inazidi kuboreka, ila njia iliyonyooka bado ni ndugu aliyelingana kamili.

mla_dagaa

Ugomvi gani huo?

Darubini

Mgeni kumpiga mwenyeji. Seli nyeupe za mtoaji zikiamka kwenye mwili mpya zinaweza kuiona ngozi, utumbo na ini kama adui, zikashambulia. Inaweza kuwa upele wa kupita, inaweza kuua.

Na sitaki mtu aondoke hapa akidhani nimemuuzia boksi jingine. Utafiti mkubwa wa kimataifa uliochapishwa 2017 uliangalia wagonjwa 1,000 wa selimundu waliopandikizwa kutoka kwa ndugu aliyelingana. Baada ya miaka mitano, karibu 93 kati ya kila 100 walikuwa hai, na 91 walikuwa hai bila ugonjwa kurudi. Ni matokeo makubwa. Lakini saba hawakuwepo, na walikuwa watoto wa watu. Tena kemo ile inaweza kumfanya mtoto akikua asizae. Daktari asiyekwambia haya mawili, ondoka. Watoto ndio wanaofanya vizuri zaidi, kila mwaka unaopita viungo vinazidi kuharibika, kwa hiyo kusubiri nako kuna bei yake.

Ustadh wa Pasiansi

Assalaam alaykum. Nilisikia seli hizi zinatolewa kwenye vijusi vilivyoharibiwa. Kama ni hivyo mimi nitakaa mbali nazo. Fafanua.

Darubini

Waalaykum salaam Ustadh. Swali zuri, kelele nyingi duniani zimetoka hapo.

Hizi za uloto ni za mtu aliyezaliwa, hazihusiani na kijusi chochote. Zilithibitishwa na wanasayansi Till na McCulloch kule Toronto mwaka 1961 kwa panya, na E. Donnall Thomas aliyeanzisha upandikizaji wa uloto kwa binadamu alipata Nobel mwaka 1990. Damu ya kitovu cha mtoto aliyezaliwa nayo inazo, ilipandikizwa mara ya kwanza Paris 1988. Zote hizi hata Vatikani haina neno nazo.

Ugomvi ulianza 1998, James Thomson wa Wisconsin alipofaulu kukuza seli shina za kiinitete cha binadamu, kiinitete cha siku chache kilichobaki kwenye matibabu ya uzazi. Kuzitoa ni kukiharibu. Rais Bush akabana fedha za serikali mwaka 2001, Obama akazifungua 2009. Kisha Mjapani, Shinya Yamanaka, akapita katikati. Mwaka 2006 alichukua seli ya kawaida ya panya, akaiwekea jeni nne, ikarudi utotoni ikawa seli shina. Mwaka uliofuata akafanya kwa ya binadamu. Kiinitete hakikuguswa. Nobel 2012. Yaani leo wanaweza kuchukua kipande cha ngozi yako wakakirudisha nyuma mpaka kiwe seli shina, kisha wakaikuza iwe seli ya moyo inayodunda kwenye sahani.

Kinyozi wa Buzuruga

Sasa kama wanaweza hivyo, mbona kisukari kipo, upofu upo, watu wamepooza wapo?

Darubini

Kwa sababu kutengeneza seli ni jambo moja, kuiweka mahali pake ikafanya kazi bila kugeuka uvimbe ni jambo jingine.

Lakini hatua zipo. Kisukari cha aina ya kwanza, kile cha watoto na vijana: mwaka 2024 Wachina walichapisha habari ya mwanamke wa miaka 25 wa Tianjin aliyewekewa seli za insulini zilizotengenezwa kutoka seli zake mwenyewe, akaacha kujichoma. Macho: Ulaya iliidhinisha mwaka 2015 tiba inayoitwa Holoclar kwa walioungua konea, kile kioo cha mbele ya jicho, inayotumia seli shina za pembeni ya jicho. Ukimwi: Timothy Ray Brown, aliyepandikizwa uloto Berlin kwa sababu ya saratani ya damu, daktari akamchagulia mtoaji mwenye jeni inayozuia virusi kuingia. Virusi havikurudi tena mpaka alipofariki 2020 kwa saratani ileile. Wachache sana wamefuata njia yake, na haiwezi kuwa tiba ya umma. Humfanyii mtu kemo ya hatari kwa ugonjwa anaouishi nao kwa kidonge kimoja kwa siku.

Na zipo za kutoa machozi. Florida, mwaka 2015, kina mama watatu walilipa kliniki, wakachomwa machoni seli zilizotolewa kwenye mafuta yao ya tumbo, macho yote mawili siku moja. Wakapofuka. Na daktari Paolo Macchiarini wa Stockholm aliweka mabomba ya hewa ya plastiki yaliyopakwa seli shina, dunia ikampigia makofi. Mgonjwa wa kwanza wa bomba hilo, mwaka 2011, alikuwa mwanafunzi wa Eritrea aliyekuwa anasoma Iceland, kijana mwenye familia. Alifariki 2014. Daktari akahukumiwa kifungo cha miaka miwili na nusu na mahakama ya rufaa ya Sweden mwaka 2023. Kwa hiyo neno "seli shina" peke yake si cheti, hata likitamkwa na mzungu mwenye koti jeupe.

Nyar Kisumu

Niko Kisumu, hizo pakiti zimejaa huku pia, wanaziuza hata kwenye matatu. Nilisoma kuna tiba mpya ya kuhariri jeni ya sickle. Hiyo je?

Darubini

Karibu jirani wa ziwa. Ipo, inaitwa Casgevy. Uingereza iliidhinisha Novemba 2023, Marekani mwezi uliofuata. Hapo humwombi jirani kianzio. Wanatoa seli shina za mgonjwa mwenyewe, wanakata swichi ya jeni moja ili mwili urudi kutengeneza himoglobini ya kichanga, ile aliyokuwa nayo tumboni, ambayo haijikunji. Kemo iko palepale, halafu anarudishiwa. Tatizo la ndugu kulingana limeondoka. Bei Marekani ni dola milioni 2.2, kwa yetu ni zaidi ya bilioni tano. Kwa mtoto mmoja. Wakati Tanzania pekee inazaa watoto wa selimundu wanaokadiriwa 11,000 kila mwaka. Ugonjwa uko kwetu, dawa inapangiwa bei kule usikokuwa wa wengi.

Balozi_Afya_Njema

Kwa hiyo maskini afe tu asijaribu mbadala?

Darubini

Maskini apime AS kabla ya ndoa, mtoto apimwe mapema, ameze foliki na haidroksiyurea, apate chanjo, ahudhurie kliniki, ndugu zake wapimwe HLA. Laki na themanini ya boksi lako ni nauli ya Dodoma kwenda na kurudi, na chenji ya kula njiani.

Mama Wawili

Umemjibu. Nimepata rufaa, nakwenda kliniki Jumatatu. Na dada yako je? Usituache hewani.

Darubini

MREJESHO

Samahani kwa kupotea, mwezi na nusu sasa. Haidroksiyurea alirudishiwa wiki ileile. Boksi dada hakulitupa, ana uchungu na hela yake, anasema atamrudishia mwenye kikoba mbele ya watu.

Sampuli za ndugu wawili zilichukuliwa. Majibu yametoka juzi. Kaka yake mkubwa hakulingana. Mdogo wao wa kike, miaka mitano, ni AS na amelingana kamili. Dada alinipigia simu, akaniambia "wamefanana", halafu sekunde kama thelathini sikusikia kitu isipokuwa jogoo wa jirani. Bado kuna vipimo vingi, moyo, ini, ubongo, na shemeji hajaamua. Anaogopa zile saba kati ya mia, na simlaumu.

Jana nilikwenda kumweleza mwenyewe kwa lugha yake. Alisikiliza vizuri, kisha akaniuliza: "Mjomba, nikiwekewa ya mdogo wangu nitakuwa msichana?"

Nikamwambia ukweli. Ukipimwa damu, vinasaba vitasoma vya kike, na kama makundi yenu ya damu yangekuwa tofauti ungehamia la kwake. Ila vingine vyote vinabaki vya kwako, na hata ukija kupata watoto, utawarithisha jeni yako ileile ya zamani, kwa hiyo mkeo itabidi apimwe.

Hapo kwenye mke alikunja uso. Akafikiri, akamwangalia mdogo wake aliyekuwa anachora ukutani kwa mkaa.

"Sawa," akasema. "Ila baiskeli haigusi."